Siku Gloria Alipompita Nyangi

Jirani yangu Nyangi ana wivu, na sisemi hivi kwa kumsengenya, maana mwenyewe analijua hilo na hajawahi kulikana. Ana wivu na kuku wangu wakitaga kabla ya wake. Ana wivu na mchungaji akimsalimia mtu mwingine kwanza. Siku nilipoezeka bati jipya alisimama uani kwake akaliangalia kwa jicho la pembeni, kisha akaniambia, "Hiyo bati, Mama Stanslaus, mvua ikinyesha inapigaga kelele sana." Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Nyangi ameshiriki maisha yake yote na hajakonda hata kidogo. Kila Krismasi fundi anamwongezea kitambaa kiunoni.

Tunakaa Bweri, yeye upande ule na mimi upande huu, katikati kuna ua wa minyaa ambao kazi yake kubwa ni kutuzuia kupita, wala si kutuzuia kusikia. Yeye na mumewe walihamia hapa kutoka Butiama wakati huku kote ni mawe na mihogo. Alizaa mabinti watupu. Wote wakaolewa, Jeska wa kwanza akaenda hadi Tarime, wengine wakafuata mkondo. Kisha mume akafariki. Nyangi akabaki na ng'ombe wa mahari za mabinti, waliokuwa wanachungwa Butiama kwa shemeji zake, na nyumba ambayo haina hata mtoto wa kumtuma chumvi.

Basi akafanya kama bibi zetu walivyofanya. Akatoa ng'ombe, akaoa. Ndiyo, mwanamke akaoa mwanamke. Nyumba ntobhu kwetu Mara si habari ya kumshangaza mtu. Mama asiye na mtoto wa kiume anamtolea mahari binti wa watu, binti anakuja kuizalia nyumba hiyo. Mwanamume anayehusika anakuja na kuondoka, hana sauti. Watoto ni wa yule aliyetoa ng'ombe. Binti aliyeolewa na Nyangi anaitwa Gati, na Gati akamzaa Gloria, anayemwita Nyangi bibi. Mbele ya ukoo wote, Gloria ni mtoto wa nyumba ya Nyangi na hakuna wa kubisha.

Tatizo ni kwamba Gloria mwenyewe hakuwa amehudhuria kikao hicho cha ukoo. Yeye alikuwa na mama yake, akamjua, akampenda, na hilo ndilo lililokuwa linamla Nyangi maini.

Gati ni mrefu, mpole, mikono yake haijui kutulia. Asubuhi anashuka sokoni Mwigobero kununua sato, mchana anawakaanga kibarazani karibu na barabara, na waendesha bodaboda wanasimama hapo kama nzi. Nyangi yeye anamenya mihogo uani, anaianika juu ya jiwe, ikikauka inapelekwa mashineni. Gloria anakaa katikati, na kila mmoja anamvuta upande wake. Gati akimsuka mistari Jumamosi, Jumapili asubuhi Nyangi anaifumua aisuke upya, eti imelegea. Gati akimnunulia ndala nyekundu, Nyangi anashuka mjini kesho yake kuleta za bluu. Mtoto akawa na ndala pea mbili wakati wenzake wanatembea pekupeku.

Nilimwambia Nyangi, "Dada, mtoto si mechi ya mpira."

Akanijibu, "Wewe uko nao wa tumbo lako. Nyamaza."

Nikanyamaza, ila si kwa muda mrefu. Sikuumbiwa hivyo.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, na Nyangi alikuwa amemtoa Gloria kibarazani kwa Gati kwa kisingizio kwamba mafuta ya samaki yatamrukia. Akamkalisha pembeni yake uani, akampa kisu na muhogo. Kisu chenyewe Nyangi anakinoa kwenye jiwe kila asubuhi, na ukikitazama vibaya kinakukata. Mimi nilikuwa nimeenda kuomba moto wa jiko. Nikamwona mtoto anamenya huku anageuza shingo kutazama kibarazani, na kabla sijasema angalia, kisu kikateleza kikampasua kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Si jeraha kubwa. Lakini kidole kina damu ya majivuno, kikikatwa kidogo utadhani wamechinja mbuzi.

Nyangi akaangusha muhogo, akafungua mikono yote miwili. "Njoo! Njoo kwa bibi, mama'ngu, njoo!"

Walikuwa wamekaa magoti yanagusana. Gloria hakuhitaji hata kuinuka, alihitaji kuegemea tu. Akainuka. Akaruka beseni la mihogo, akaipita ile mikono iliyofunguliwa, akakimbia hadi kibarazani huku damu inadondoka njiani. "Mama! Mama, nimejikata!"

Nyangi alibaki na mikono hewani. Niliangalia pembeni, kwa sababu kuna vitu jirani hapaswi kuviona.

Kule kibarazani Gati hakupiga kelele. Aliepua kwanza karai la mafuta, akaliweka mbali. Akanawa mikono kwa sabuni. Akamkalisha mtoto kwenye kigoda, akachota maji ya ndoo ya kunywa kwa kikombe, akayamimina juu ya kidole taratibu mpaka ukoga wa mihogo ukatoka wote, akapitisha na sabuni pembeni mwa jeraha, akamimina tena. Kisha akachukua kitambaa kilichofuliwa, akakikunja, akakibana pale pale. "Inua mkono juu," akasema. "Juu kabisa, kama unaomba ruhusa kwa mwalimu."

"Naomba kwenda chooni, mwalimu," Gloria akasema huku analia, na wote wawili wakacheka.

Alikibana bila kuchunguliachungulia. Alipokuja kutazama, damu ilikuwa imekata. Akafunga kitambaa kingine kisafi, si cha kunyonga kidole wala cha kudondoka, akamaliza. Dafroza, mteja aliyekuwa anasubiri samaki, akatikisa kichwa kwa kuridhika akasema, "Ee, uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Alisema bila nia mbaya, maana Dafroza hajui hata nyumba ile imesimamaje. Lakini Nyangi alikuwa amefika mlangoni na akalisikia. Uso ukamjaa damu. Akaingia ndani, akatoka na kidonge kimoja cha rangi mbili, kile cha nusu nyekundu nusu njano, ambacho huku kwetu watu wengi wanakipasua na kumwaga unga wake kwenye kidonda kama wanatia chumvi kwenye mboga.

"Fungua hicho kitambaa," akasema. "Mtoto wangu haponi kwa maji ya kunywa."

"Nimeshaosha, mama," Gati akajibu. "Kidonda kimetulia. Hicho kidonge ni cha kumeza ukiandikiwa, si cha kumwagia."

"Watu wa nyumba hii nilikuwaga nawafunga vidonda wewe hujazaliwa."

"Ndiyo, mama." Na hakufungua. Gati ana namna ya kukubali kwa mdomo huku mikono ikikataa.

Nyangi alilala na hilo jambo, na lilipoamka lilikuwa limekua. Kesho yake Gati alipoteremka Mwigobero baada ya ibada, Nyangi akamwita Gloria, akamketisha, akakivuta kile kitambaa kikavu kwa nguvu. Kilikuwa kimegandana na kidonda. Jeraha lililokuwa limefunga likafunguka upya. Akapasua kidonge, akamwaga unga, akafunga kwa kipande cha kitenge, akakaza mpaka ukucha ukabadilika rangi. Nilisikia ukelele nikiwa jikoni kwangu. Nilipofika kwenye minyaa, mtoto alikuwa ameshatoka mbio, amekaa juu ya jiwe barabarani kumsubiri mama yake, kidole kwapani.

Gati aliporudi alikilowesha kidole kwenye maji safi mpaka unga ukaachia wenyewe, akakiosha, akakibana tena, akakifunga. Hakumwambia Nyangi neno. Afadhali angetukana. Na tangu saa ile, Gloria akimpita bibi yake anaficha mkono mgongoni. Nyangi akimwita, anasema, "Shikamoo bibi, utanifungua?" na kurudi nyuma.

Jioni Nyangi akaja kwangu. Hakupitia mlangoni. Alipenya kwenye minyaa, ukubwa wote ule, akatoka na utomvu kwenye gauni. Akakaa.

"Ananiona kama fisi," akasema. "Mtoto wangu mwenyewe. Nimemnyima nini mimi? Ng'ombe nimetoa, ndala nimenunua, jina la ukoo nimempa. Akiumia ananipita kama mti." Akajifuta pua na ncha ya kanga. "Nina wivu, Mama Stanslaus. Nina wivu mpaka chakula kinakuwa kichungu. Na yule Gati, hayo mambo ya kumimina maji na inua juu, kajifunzia wapi? Nani kamfundisha?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini nilikuwa bado nasikia ule ukelele wa mtoto.

"Kwangu," nikasema.

"Kwako?"

"Kwangu, hapo hapo ulipokaa. Mwaka ule alipokuja, jembe lilimkata mguu kule shambani kwako. Alikujia na damu inatiririka. Ulimwambia nini?"

Akaanza kufuta utomvu kwenye gauni. Nikamkumbusha. "Ulimuuliza, 'Jembe limepinda?' Hukuuliza mguu, dada, uliuliza jembe. Akapenya hiyo minyaa akaja hapa. Nikamwosha, nikambana, nikamwambia ainue mguu juu ya kigoda. Binti wa watu alilia, na hakulilia mguu. Aliniambia, 'Mama mdogo, nyumbani nikikatwa mama alikuwaga ananishika hivi.'"

Nilidhani atainamisha kichwa. Nilidhani hata atalia vizuri sasa. Ninyi hamumjui Nyangi. Aliinuka, akajifunga kanga, macho makali.

"Kwa hiyo mwali wangu ulimwosha wewe!" akasema. "Na hukuniambia! Mwali nimemtolea ng'ombe mimi, mguu unauosha wewe!"

Akapenya tena minyaa, akaondoka. Akaona wivu na hilo pia! Nilicheka peke yangu mpaka ugali ukaungua. Baada ya hapo alininunia. Asubuhi nikimsalimu anaitikia kuku wake.

Katika siku hizo za kununa ndipo alipojikata na yeye. Alikuwa uani anamenya kwa hasira, na muhogo haupendi hasira. Kisu kikamwingia chini ya kidole gumba. Gati alikuwa sokoni. Gloria alikuwa ndiyo kwanza ametoka shule, amesimama mlangoni na begi mgongoni. Nyangi aliufunika mkono kwa kanga upesi, kwa sababu hakutaka mtoto amwone, akaenda kutafuta kidonge chake. Akarudi nacho uani akajaribu kukipasua kwa meno na mkono mmoja. Kikamponyoka kikaingia vumbini. Damu ikapita kwenye kanga.

Gloria alitazama, mkono wake ukiwa mgongoni kama kawaida. Kisha akageuka akaingia ndani. Nyangi aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipokata tamaa kabisa. Alijiambia, mwenyewe nimeyataka, hata damu yangu anaikimbia.

Mtoto akatoka na kikombe cha maji na kipande cha sabuni. Begi bado liko mgongoni.

"Bibi, leta mkono."

Nyangi akaleta mkono.

"Kwanza mimi nanawa. Subiri." Akanawa mpaka viwiko, kama anaenda kukanda maandazi. Akamimina maji. Akapitisha sabuni pembeni. Akamimina tena. Akakunja kitambaa, akakibana kwa vidole vyake vyote, pamoja na kile chenye bendeji. "Sasa inua juu. Juu kabisa, bibi. Kama unaomba ruhusa."

Mimi wakati huo nilikuwa naanua nguo. Nikamwona Nyangi kule ng'ambo ameinua mkono hewani. Nikadhani amenisamehe ananipungia, nikampungia na mimi kwa furaha. Wala hakuniona. Alikuwa anamtazama mtoto aliyebana kiganja chake huku ulimi umemtoka nje, na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Inauma, bibi?"

"Sana," Nyangi akasema. "Usiache."

Kuanzia hapo, ole wetu. Nyangi alitembea na ule mkono uliofungwa kama mtu aliyepewa nishani. Kanisani aliinua mkono huo huo kuimba. Kwa mwenye mashine aliuweka juu ya mizani. Mtu asipouliza, anakohoa mpaka aulizwe, kisha anasema, "Mtoto wangu Gloria ndiye daktari. Ananibadilishia kitambaa kila akitoka shule." Na kweli alibadilishiwa. Kila mchana mtoto alikimbia kutoka barabarani moja kwa moja hadi uani kwa bibi yake na kikombe. Kibaraza cha Gati alikipita. Nililiona hilo, na nilimwona Gati na kijiko cha kugeuzia samaki mkononi, anamtazama mtoto akipita.

Kidonda kikapona, kitambaa hakikutoka. Nikamwambia Nyangi, maana tulikuwa tumeanza tena kusemeshana, "Dada, hilo jeraha si lilipona zamani?"

"Limepona kwako," akasema. "Kwangu bado."

Ndipo asubuhi moja nikamwona Gati naye amefungwa kidole. Kitambaa kisafi, fundo zuri. Gloria alikuwa shuleni. Nyangi alikuwa anapita kwenda kuanika mihogo, akasimama, jicho likamtoka.

"Umekatwa na nini?"

"Mwiba wa sato, mama."

"Lini?"

"Juzi."

"Njoo hapa."

Nikajua hapa sasa kumekucha. Nikaacha ufagio, nikasogea kwenye minyaa nisikose hata neno, maana mchuano wa namna hii hautangazwi redioni. Gati akaja uani, akakaa kwenye kigoda. Nyangi akakifungua kitambaa polepole, safari hii bila kuvuta. Akakigeuza kidole huku na huku. Akakisogeza kwenye mwanga.

Kidole kilikuwa kizima. Hapakuwa na mwiba, hapakuwa hata na alama ya ukucha.

Gati aliinamisha uso. "Niliona anakufungaga kila siku," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi ananipita."

Nikausubiri mdomo wa Nyangi. Namjua jirani yangu. Ushindi wa aina ile ungemtosha kula mwaka mzima, angeusimulia hapa Bweri, angeupeleka Butiama kwa mashemeji na kurudi nao. Aliufungua mdomo kabisa. Kisha akautazama mkono wake mwenyewe, uliofungwa kitambaa juu ya ngozi iliyopona, na mdomo ukafunga.

Akainuka akaleta ndoo ya maji ya kunywa, kikombe, na sabuni. Akanawa. Akakichukua kile kidole kizima, akakimiminia maji taratibu, akapitisha sabuni pembeni, akamimina tena. Akakunja kitambaa, akakibana.

"Inua juu," akasema.

Gati akainua mkono juu. Mtu mzima, mama wa mtoto, amekaa kwenye kigoda ameinua mkono, na mabega yanamtetemeka. Sikuweza kuona kama ni kucheka au ni kulia. Nyangi alimfunga kidole, akakaza fundo kwa kipimo, halafu hakukiachia.

"Na ule mguu," akauliza. "Wa jembe. Ulikuwa upi?"

"Wa kulia, mama."

"Lete."

Gati akavua ndala. Nyangi akapiga magoti chini, ukubwa wote ule, akauvuta mguu wa mwali wake kwenye mapaja, akalitafuta kovu kwa kidole gumba mpaka akalipata. Akachota maji kwenye ndoo.

Na mimi nimesimama upande wangu wa minyaa, nawatazama. Uongo dhambi, niliona wivu. Mguu ule niliuosha mimi kwanza.